Wiki 14 za Magnesiamu na Usingizi Wangu

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikilala saa nne usiku bila taabu, kisha usingizi unakatika saa nane, na kuanzia hapo nabaki nimelala chali nikisikiliza feni, mbwa wa jirani na malori machache yanayopita barabara kuu, mpaka adhana ya alfajiri inikute nikiwa macho. Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 51, na kazi yangu yote ni tarakimu. Niliporudishiwa hesabu za mwezi kwa sababu nilikuwa nimebadilisha nafasi za tarakimu mbili, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nianze kazi, niliona kwamba kukosa usingizi kumekuwa ugonjwa wa kutafutiwa tiba.

Mwenzangu mmoja ofisini ndiye aliyenitajia magnesiamu, madini ambayo watu huyameza kwa vidonge ili walale. Alikuwa akiletewa chupa na ndugu yake anayeishi Marekani, na aliniambia, "Dada, tangu nianze hivi vidonge nalala usingizi wa pono." Jioni ile ile nilipita duka la dawa, nikaomba magnesiamu, na muuzaji akaniletea vidonge vyeupe vya kutafuna vinavyotumika kutuliza kiungulia. Nilipoeleza kwamba nataka ya usingizi, akapanda kwenye kigoda na kunishushia chupa ya kapsuli 60 iliyoandikwa mbele kwa maandishi makubwa tarakimu 500. Alinishauri nimeze mbili kila usiku. Sikuuliza kitu, naye hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote wala kama kuna dawa nyingine ninayotumia.

Siku ya tatu tumbo lilikuwa likinikimbiza. Nilimpigia simu dada yangu, ambaye ni mkunga mwenye zaidi ya miaka 20 katika wodi ya wazazi, nikamweleza kila kitu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mdogo wangu, chukua hiyo chupa, igeuze, unisomee maandishi madogo ya nyuma."

Nyuma palikuwa pameandikwa kwamba kila kapsuli ina miligramu 500 za oksidi ya magnesiamu. Dada akanikumbusha haluli. Bibi yetu alikuwa akituwekea chembe nyeupe zinazong'aa ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu kila likizo ndefu ilipokaribia kwisha, ili turudi shuleni tukiwa tumesafishwa matumbo, na uchungu wa maji yale bado naukumbuka mpaka leo nyuma ya ulimi. Ile chumvi ya haluli ni magnesiamu salfeti. Wazungu huiita kwa jina la mji wa Epsom, Uingereza, ambako inasimuliwa kwamba mwaka 1618 mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake wakikataa maji ya kisima kimoja kwa sababu ya uchungu wake. Magnesiamu ambayo utumbo haukuifyonza huvuta maji na kuyabakiza humo humo tumboni, na oksidi ni katika aina zinazofyonzwa kwa shida kuliko nyingine. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa bei ya dawa ya usingizi na kupata kazi ya haluli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kuandika, na naandika hapa kwa sababu naona chupa hizi zinazidi kupita mkono kwa mkono baina ya watu ninaowapenda, kila mmoja akimwambia mwenzake "kunywa magnesiamu", kana kwamba jina hilo linataja kitu kimoja.

Nianze na hesabu, maana ndiyo ninayoiweza. Tarakimu iliyo mbele ya chupa mara nyingi ni uzito wa mchanganyiko mzima, yaani magnesiamu pamoja na kile ilichofungamana nacho. Oksidi ina asilimia 60 hivi ya magnesiamu yenyewe, kwa hiyo kapsuli yangu ya miligramu 500 ilikuwa na miligramu 300, na kapsuli mbili zilinipa 600. Sitrati ina asilimia 16 hivi, na glisinati, ambayo ndani yake magnesiamu imefungamana na asidi amino iitwayo glisini, ina asilimia 14 hivi. Ukiona chupa ya glisinati imeandikwa miligramu 1,000, ujue magnesiamu iliyomo haizidi sana miligramu 140. Watengenezaji waangalifu huandika kiasi cha magnesiamu yenyewe peke yake. Wengine huliacha jambo hilo lieleweke vibaya, na hilo naliona kuwa kosa kubwa, kwa sababu mnunuzi hana njia nyingine ya kujua anachomeza.

Mwanamke wa umri wangu anahitaji miligramu 320 kwa siku na mwanamume 420, chakula kikiwamo. Lakini kwa vidonge peke yake, Marekani waliweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku tangu mwaka 1997, na Ulaya wakachagua 250, kwa kuwa dalili ya kwanza ya kuzidisha ni kuharisha. Kikomo hicho hakihusu magnesiamu ya chakulani. Mimi nilikuwa nikimeza karibu mara mbili ya kikomo hicho, kwa ushauri wa mtu aliyekuwa amesimama juu ya kigoda.

Dada alipokuja kunitembelea mwisho wa mwezi, tulikaa barazani mpaka usiku mwingi, na alinieleza magnesiamu anayoijua yeye. Katika wodi yake, mama mjamzito anapofika na shinikizo la damu lililopanda, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, kinachoogopwa ni kifafa cha mimba, na dawa wanayoikimbilia ni sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa nusu hatari ya mama wa namna hiyo kupata degedege. Ni dawa ya bei nafuu, nayo imeokoa wazazi wengi wasio na idadi katika hospitali zetu. Kwa dada yangu jina la magnesiamu halina uhusiano wowote na mto na shuka. Ni jina la usiku ambao mama na mtoto walitoka salama.

Ndipo akaniambia niuning'inize mguu, akanigonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, na mguu wangu ukaruka. "Hivi ndivyo tunavyowapima," akasema. Mama aliyechomwa magnesiamu hugongwa goti kila mara, hupimwa idadi ya pumzi kwa dakika, na mkojo wake hukusanywa na kupimwa. Goti lisiporuka, maana yake dawa imezidi na inaanza kulegeza neva na misuli, na kinachofuata kulegea ni misuli ya kupumua. Hapo dozi husimamishwa, na pembeni huwa tayari dawa ya kalsiamu ya kuizima. Mkojo unapimwa kwa sababu magnesiamu haina njia nyingine kubwa ya kutoka mwilini zaidi ya figo. Figo zikiwa nzima, ziada ya vidonge hutolewa bila shida. Zikiwa zimechoka, inarundikana kwenye damu, inashusha presha, inapunguza mapigo ya moyo, na inaweza kuua.

Nilimsikiliza huku moyo ukinidunda, kwa kuwa wiki moja kabla yake shangazi yetu, mwenye kisukari cha miaka mingi ambacho kimekwisha kuzigusa figo, alikuwa ameniomba nimnunulie chupa kama yangu. Nilikuwa nimemwahidi. Asubuhi yake dada alimpigia simu mbele yangu, akamwambia kwa upole na heshima zote, "Shikamoo shangazi. Ile dawa ya usingizi aliyokuambia mdogo wangu wewe haikufai, usiinywe hata kidogo mpaka daktari wako wa figo aseme." Shangazi alikubali. Ningependa kila anayesoma hapa na ana mzazi mwenye kisukari au presha ya siku nyingi alichukulie jambo hili kwa uzito ninaouchukulia mimi, kwa sababu wengi wao hawajui hali ya figo zao mpaka zipimwe.

Jambo la pili ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia ni kwamba magnesiamu hukamatana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini. Antibaiotiki za jamii ya tetrasaiklini na siprofloksasini ni miongoni mwao, na dawa ya tezi iitwayo levothairoksini pia. Lakini inayonigusa zaidi ni dolutegravir, ambayo sasa imo katika dawa zinazotumiwa na ndugu zetu wengi sana wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika nchi hizi za Afrika Mashariki. Anayeitumia anatakiwa aimeze saa mbili kabla ya dawa yenye magnesiamu au saa sita baada yake, na hili linahusu hata vile vidonge vyeupe vya kiungulia ambavyo hununuliwa dukani bila kuulizwa lolote. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa dawa zake kila siku bila kukosa, na kumbe kiungulia cha baada ya chakula cha usiku kinazivuruga. Naomba hili lisemwe wazi kliniki na madukani, bila kumlazimisha mtu aeleze ugonjwa wake: muuzaji anaweza kusema tu kwamba dawa hii isimezwe pamoja na nyingine.

Upande wa pili wa shilingi, zipo dawa zinazopunguza magnesiamu mwilini. Dawa za kukojoza wanazopewa wenye presha na maji mwilini ni mojawapo. Nyingine ni omeprazo na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi tumboni, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka mmoja, zinaweza kushusha magnesiamu ya damu. Mimi nilikuwa nimemeza omeprazo kila asubuhi kwa miaka miwili, nikinunua mwenyewe, bila daktari kuniangalia upya. Kwa hiyo nilikwenda kupima, na nikakuta nina milimoli 0.80 kwa lita, ambayo imo ndani ya kiwango cha kawaida. Daktari alinieleza, kwa subira niliyoishukuru, kwamba mwili una gramu 25 hivi za magnesiamu, zaidi ya nusu yake ikiwa mifupani na nyingine ndani ya misuli na viungo laini, na kwamba chini ya asilimia 1 ndiyo inayoelea katika maji ya damu yanayopimwa. Kipimo kizuri hakithibitishi kwamba ghala limejaa. Baadaye, baada ya majaribio nitakayoyaeleza, alinipunguzia omeprazo taratibu mpaka nikaacha kuinywa kila siku.

Sasa nifike kwenye usingizi wenyewe. Kwamba magnesiamu inahusika na utulivu wa ubongo si uzushi. Juu ya seli za neva kuna milango inayopokea ishara za kuamsha, na magnesiamu hukaa katika tundu la mlango mmojawapo kama kizibo, isiruhusu kalsiamu kupita ovyo. Ni rahisi kutoka hapo kuamini kwamba ukiongeza vidonge utalala. Tafiti, hata hivyo, ni chache. Ule unaotajwa sana ulifanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2012: wazee 46 wenye tatizo la usingizi, wengine wakipewa miligramu 500 za magnesiamu kwa wiki 8 na wengine kidonge kisicho na dawa, na waliopata magnesiamu walieleza nafuu. Mwaka 2021 watafiti walikusanya tafiti za namna hiyo kwa ajili ya wazee, wakapata tatu tu zenye jumla ya watu 151. Hesabu yao ilionyesha kwamba waliotumia magnesiamu walisinzia mapema kwa dakika 17 hivi, na wao wenyewe wakakiri kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Dakika 17 ni kitu kwa anayehangaika kusinzia. Taabu yangu mimi ilikuwa kukatikiwa na usingizi, na juu ya hilo sikuona lolote la kushikilia.

Kwa hiyo nilijipima mwenyewe. Daftari langu ni la kurasa za mistari, la kawaida la shule, nililitia kando ya kitanda pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila asubuhi niliandika saa niliyolala, kama niliamka saa nane au la, na nilichokunywa jioni. Wiki mbili za kwanza sikumeza chochote: katika usiku 14, niliamka usiku 11. Kisha nikaanza glisinati yenye miligramu 200 za magnesiamu yenyewe, baada ya chakula cha usiku, kwa wiki 8, na tumbo halikunisumbua hata siku moja. Wiki mbili za mwanzo wa dozi niliamka usiku 10. Wiki ya tatu nilitazama safu ya vinywaji nikaona kitu ambacho sikukitarajia: kila jioni, bila kukosa hata mara moja, nilikuwa nimeandika chai ya rangi vikombe viwili, saa mbili usiku, mbele ya taarifa ya habari. Niliiacha. Wiki mbili za mwisho za dozi niliamka usiku 6 kati ya 14. Halafu nikaacha magnesiamu kwa wiki 4 huku chai ikibaki imeachwa, na katika wiki mbili za mwisho niliamka usiku 7.

Mhasibu akitazama safu hizo anaona pesa zimeingia kutoka wapi. Kutoka 11 hadi 10, na kutoka 7 hadi 6, ndiyo sehemu ya magnesiamu, kama ni yake kweli. Sehemu kubwa ni ya chai. Mwili mmoja na daftari moja si utafiti, na huenda mwingine mwenye upungufu wa kweli akapata nafuu kubwa kuliko yangu. Lakini nisingeandika, ningesimulia kila mahali kwamba magnesiamu iliniponya, na ningeamini kabisa.

Kuhusu afya kwa jumla nitasema kwa ufupi. Kwa presha, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kushuka kwa milimita 2 hivi za zebaki, jambo zuri lakini lisilotosha kumfanya mtu aache dawa zake. Kwa mikakamao ya misuli ya miguu usiku, tathmini kubwa ya mwaka 2020 haikuona faida ya maana kwa wazee. Kwa kukosa choo inafanya kazi, na hilo bibi alilijua.

Kilichonishangaza zaidi katika kusoma kwangu kilikuwa jikoni. Katikati ya kila chembe ya klorofili, ile inayolipa jani rangi ya kijani, kuna atomu moja ya magnesiamu; ukila mchicha au kisamvu, hiyo nayo ni sehemu ya magnesiamu unayoila. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya siku moja ya chakula cha kwetu, kwa makadirio. Unga wa dona gramu 150 kwa ugali wa siku nzima, miligramu 150 hivi. Kikombe cha mchicha uliopikwa, 73. Kikombe cha maharage, 75. Konzi ya karanga, 48. Ndizi mbivu moja, 32. Jumla ni 378, na mahitaji yangu ni 320. Kisha nikabadilisha mstari mmoja tu, nikaweka sembe mahali pa dona, na jumla ikashuka chini ya 300, kwa sababu mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na madini mengi ya mahindi yamo humo. Pumba zile tunawapelekea kuku na ng'ombe. Nilikulia katika nyumba iliyoona sembe nyeupe kuwa dalili ya kupanda daraja, na najua si rahisi kumwekea mgeni ugali wa dona bila kuhisi unamdhalilisha, lakini mimi nimeirudia, na wageni wangu wameizoea. Mchicha nao siuchemshi tena na kumwaga maji yake, maana sehemu ya madini humwagwa pamoja nayo.

Na zipo mbegu za maboga, ambazo gramu 28 zake zilizomenywa zina miligramu 156 hivi, karibu nusu ya mahitaji yangu ya siku. Mama alikuwa akizikamua kwa vidole kutoka ndani ya boga, anaziosha mpaka ute unatoka, anazianika kwenye ungo siku mbili, kisha anazikaanga kwenye chungu kikavu bila mafuta, akizigeuza bila kuacha mpaka zinaanza kuruka na kutoa harufu kama ya karanga. Chumvi aliinyunyiza mwishoni, ikiwa imekorogwa na maji kidogo, ili ishike. Tulizimenya kwa meno, tukiwa tumekaa juu ya mkeka, na maganda yakijaa mapajani mwetu.

Chupa ya glisinati imebaki na kapsuli chache. Nazimeza nikisafiri, ninapojua kwamba nitakula chipsi na mkate mweupe siku tatu mfululizo, na nikirudi naziacha. Kikombe changu cha saa mbili usiku sasa ni cha mchaichai. Bado yapo mausiku ninayoamka saa nane, na nikiamka sijilazimishi. Nawasha taa ndogo, naandika saa katika daftari, nazima, na mara nyingi sifiki kuisikia adhana. Wiki iliyopita shangazi alikuja akiwa na mkebe mtupu, akaniomba nimjazie mbegu za maboga. Nimempigia dada kwanza, naye amesema tumsubiri daktari wa figo Jumanne.